Rambirambi kwa Mtafiti

"Mwakani mkiniita Azizi kavukavu, sigeuki. Mtaniita Dokta Azizi. Na msinichanganye na hawa madokta wa kuchoma watu sindano za makalio. Mimi nitakuwa dokta wa kuwafundisha hao."

Maneno hayo yalitoka kwenye kipaza sauti cha harusi, Mohoro, Mfunguo Mosi, mbele ya bibi harusi, bwana harusi, mganga wa zahanati aliyealikwa pamoja na mkewe, na sufuria za pilau zilizokuwa zimeshaanza kupoa. Msemaji ni Abdulazizi Mbonde, kaka wa bibi harusi. Alipewa kipaza atoe neno la familia. Neno la familia hakulitoa. Alitoa wasifu wake, kuanzia darasa la kwanza, mpaka bwana harusi akaanza kuangalia saa aliyoiazima.

Mtu anayejisifu kwenye harusi ya dada yake ana moja kati ya shida mbili: ama hakupata chakula cha kutosha utotoni, ama alikipata peke yake. Azizi alikipata peke yake. Yeye ndiye aliyechaguliwa kwenda sekondari ya bweni, na siku jina lilipotoka, nyumba nzima iligeuka kuwa mfadhili. Kaka zake walibaki bondeni na mpunga, dada yake akaacha shule akakaange maandazi, na kila gunia lililotoka shambani lilikuwa na miguu ya kwenda kulipa kitu cha Azizi. Akasoma umeme, akasoma elektroniki, akapanda tena akasoma uhandisi wa vifaa tiba, akaajiriwa mhadhiri msaidizi kwenye chuo kimoja cha Dar. Chuo chenyewe sikitaji jina, maana wanafunzi wake bado wanatafuta kazi.

Alikuwa anakuja nyumbani sikukuu ya Idd, si kila Idd. Miwani ya jua, maji ya chupa aliyonunua Kibiti. Ukimkaribisha maji ya kisima anakwambia yana mzigo wa kibaiolojia. Kiti anakipangusa kwa leso kwanza. Kisha anakaa, anaanza kuongea Kiswahili chenye breki: anasema neno moja, anasimama, anatafuta jingine kana kwamba limebaki uwanja wa ndege.

Hayo yote tungemsamehe. Mohoro tumesamehe watu wenye mambo mazito kuliko miwani. Lililotushinda ni misiba.

Huku kwetu msiba unakwenda kwa mwili wako. Unafika, unavua viatu, unakaa jamvini. Mwanamume ukisikia "jembe jamani" kule makaburini unasimama, unapokea, unachimba kidogo, unampa mwenzio. Mwanamke analala msibani mpaka tanga liondoke, anachambua mchele na kusengenya kwa sauti ya chini. Hata kama ulikuwa umegombana na marehemu, tena mkiwa mmegombana ndiyo unawahi. Hakuna anayekuuliza una shahada gani.

Azizi aligundua njia ya kisasa. Alikuwa na meseji moja ameihifadhi kwenye simu: "Nimepokea taarifa kwa masikitiko makubwa. Nimebanwa na majukumu ya kitaaluma. Poleni sana. Tuko pamoja." Akifiwa mtu yeyote, anabonyeza meseji, anabonyeza na shilingi buku tano, anarudi kwenye majukumu. Amezikwa baba mdogo wake, meseji. Amezikwa bibi aliyempa jina, meseji. Mzee Dadi alipolazwa hospitali ya Utete kwa presha, kuna mtu alimpa Azizi habari nusunusu, na Mzee Dadi akasomewa rambirambi zake mwenyewe kitandani huku anakunywa uji. Alimaliza uji, akasema, "Mjibuni kuwa nimezipokea."

Iliyokaa vibaya kuliko zote ni ya Talib. Talib alikuwa jirani, nyumba ya tatu kutoka kwao Azizi. Ndiye aliyempakia kwenye baiskeli siku ile anakwenda sekondari, sanduku la bati kichwani, mpaka barabara kubwa, maana mvua ilikuwa imekata njia na gari haziingii. Talib alipokufa, meseji iliingia maiti bado iko ndani. Mjane wake, Bi Mwamini, alisomewa na mwanawe. Akaomba asomewe tena. Kisha akasema, "Neno kwa neno kama ya baba yake mdogo," akafunika uso kwa kanga.

Sasa, Bi Mwamini si mjane tu. Ana mguu wa matende, na ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wenye matende cha Mohoro, wale wanaokutana zahanati kuoshana miguu, kukaushana katikati ya vidole, na kufundishana namna ya kuinyanyua isivimbe zaidi. Ukiwataka watu wale unapita kwake. Hata mganga wa zahanati anapita kwake.

Halafu likatoka tangazo. Nafasi za utafiti wa shahada ya uzamivu, sayansi za tiba na uhandisi kwa pamoja. Ada bure, posho kila mwezi, miaka minne, mmojawapo wa kukaa Ulaya na kuona theluji. Mwombaji awe hajatimiza miaka arobaini. Azizi alikuwa ana thelathini na tisa, na chuo chake kilikuwa kimeshamwambia waziwazi: huna uzamivu, mkataba ukiisha hatuuhuishi. Kwa hiyo tangazo lile lilikuwa kazi yake, mshahara wake, na ile "mwakani" aliyoitangaza harusini, hata kama ingechukua miaka minne. Likimpita, vyote vinapita nalo.

Akaja na wazo la soksi. Soksi ina nyaya na vidude vya kupimia. Mgonjwa wa matende anaivaa, soksi inasoma uvimbe wa mguu, inapeleka kwenye simu, na daktari aliye Utete anauona bila mgonjwa kupanda bodaboda na kuvuka mto. Wazo lenyewe, tuwe wakweli, lilikuwa zuri. Hilo ndilo linaloudhi. Lingekuwa la kijinga tungecheka tukalala.

Kwenye maombi akaandika kwamba utafiti utafanyika Mohoro, kwa kuwa "mwombaji ni mzaliwa wa jamii husika na anaaminika kwa kiwango cha juu." Sentensi hiyo baadaye alimsomea mwenyekiti wetu wa kitongoji, kwa fahari. Waliotoa tangazo wakaipenda. Wakamwambia: wewe ni miongoni mwa wawili mliobaki, na kabla hatujaamua tunakuja kuwaona hao watu wako. Tukutane na wagonjwa wasiopungua ishirini, wasikie utafiti, waseme wenyewe kama watakuwa nawe miaka minne.

Azizi akafika Mohoro siku chache kabla. Akaanzia kwa Kondo, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye kazi yake hasa ni ushonaji. Alimkuta barazani, mguu kwenye pedali ya cherehani.

"Mwenyekiti, nataka watu ishirini. Jumatano saa nne, darasa la nne pale shuleni."

"Watu wa namna gani?"

"Wenye matende."

"Aa. Hao wapo."

"Najua wapo. Nataka waje."

"Inshallah."

"Waambie kuna sambusa na soda. Na mgeni kutoka Ulaya."

Kondo alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Hakuinua kichwa. "Inshallah, Mhandisi. Tuko pamoja."

Mtu aliyekulia Mohoro angepata homa hapo hapo. Inshallah zina uzito tofauti. Ipo ya kweli, ambayo mtu anakutazama na kukuuliza saa ngapi vile. Na ipo hii ya kutunga uzi, ambayo maana yake nenda nyumbani ukalale. Azizi aliisikia kama mgeni anavyoisikia. Akatoa simu, akaandika: "Uhamasishaji umekamilika."

Akazunguka nyumba nyingine mbili tatu. Inshallah. Inshallah, Mhandisi. Kila alipopita akajibiwa kwa heshima iliyonyooka, hakuna aliyemtania, hakuna aliyemuuliza habari za mke. Ukiona Mohoro umepita nyumba tatu hujataniwa, jua umeshazikwa.

Mtu pekee aliyempa maneno ya kweli ni shangazi yake, Bi Hajira, dada wa marehemu baba yake, mwenye mguu wa kushoto mzito tangu mimi sijazaliwa. Alikuwa anachambua mchele uani.

"Baba, kabla ya yote nenda kwa Mwamini."

"Kufanya nini?"

"Kumpa mkono. Mumewe amekufa."

"Shangazi, Talib amekufa mwaka jana. Eda yenyewe imekwisha. Na nilituma."

"Ulituma kwenye simu."

"Kwani si pesa ileile?"

"Simu ilishika jembe? Simu ilimbeba Talib?"

Azizi alicheka kile kicheko cha semina. "Shangazi, dunia imebadilika. Profesa hasafiri kutoka Ulaya kuja kuuliza nani alilala msibani kwa nani."

"Haya. Nyumba ya tatu tu hiyo, baba. Hata viatu havichafuki."

"Nitapita nikipata nafasi."

"Mie nitakuja hiyo Jumatano," Bi Hajira akasema, anapuliza makapi. "Wewe damu yangu, siwezi kukususa. Wenzangu siwasemei."

Nafasi hakuipata. Kwa Bi Mwamini alipita njiani mara kadhaa, kila mara akiwa ameinamia simu.

Jumatano nilikwenda mapema. Sina matende wala si mtafiti. Nilikwenda kwa ajili ya sambusa, na nasema hivyo bila aibu, maana angalau mimi nilifika. Darasa la nne lilikuwa limependeza. Kanga madirishani kuzuia mwanga, shuka jeupe ukutani, projekta juu ya meza ya mwalimu, viti vya plastiki vimepangwa safu kwa safu, na juu ya kila kiti soksi moja imekunjwa vizuri. Watu: Azizi ndani ya suti, Kondo aliyekuja kwa sababu serikali lazima iwepo, na mimi.

Simu ikaita. Alikuwa Dokta Mudathiri, mratibu wa nafasi zile, anapiga kutoka darajani Ndundu, anauliza kama mambo yapo tayari.

"Njooni tu Dokta," Azizi akasema, anavitazama viti vitupu. "Ukumbi umejaa."

Kondo akanitazama. Nikaangalia sambusa.

Wageni wakafika. Profesa, mama mwembamba mwenye kofia pana, na Dokta Mudathiri, mtu wa Kilwa kwa asili, mwenye tumbo la utulivu. Wakasimama mlangoni. Walitazama viti, wakatazama soksi, wakamtazama Azizi.

"Wanamalizia mambo ya shamba," Azizi akasema. "Watu wa huku na muda, mnajua. Tuanze na kifaa."

Akaunganisha simu yake na projekta. Ukutani ukatokea mchoro, mstari wa kijani unapanda na kushuka, uvimbe wa mguu wa mtu ambaye hayupo. Azizi akaanza kueleza kwa Kiingereza, na kwa mara ya kwanza tangu afike alionekana mtu wa maana. Sauti ilitulia, mikono ilijua inachoonyesha. Profesa akavua kofia, akasogea mbele.

Ndipo simu ikalia, tii! Juu ya mstari wa kijani, kwenye shuka, kwa herufi kubwa kama za tangazo la sinema: amepokea shilingi mia tano. Tii! Chini yake meseji:

"Nimepokea taarifa kwa masikitiko makubwa. Nimebanwa na majukumu ya kilimo. Pole sana. Tuko pamoja. Mwamini."

Azizi akairukia simu. Akabonyeza kitu, si chenyewe. Meseji ikawa kubwa zaidi. Tii! Mia tano nyingine. "Nimepokea taarifa kwa masikitiko makubwa. Nimebanwa na majukumu ya kupeta mpunga. Pole sana. Tuko pamoja." Tii! "...majukumu ya kusuka ukili..." Tii! "...majukumu ya kulala. Tuko pamoja." Mzee Dadi hana mguu wa matende, lakini alituma na yeye: "Nimepokea taarifa nikiwa nakunywa uji."

Zilikuja mfululizo, zimepangwa, kama watu wanaopokezana jembe. Kikundi kizima cha Bi Mwamini, kila mmoja na jero yake, na jero kwa mwanamke wa Mohoro anayeuza mhogo si kitu cha kuchezea. Waliilipa ili wasije.

Profesa akauliza kitu. Dokta Mudathiri akakitafsiri kwa Kiswahili, polepole, anamtazama Azizi: "Profesa anauliza nani amefiwa. Anasema kama kuna msiba tungeahirisha."

"Hakuna msiba," Azizi akasema. Jasho limeingia kwenye kola. "Ni utani wa huku. Ni watani zangu."

"Mimi ni wa Kilwa, bwana," Mudathiri akasema. "Utani naujua, nimetaniwa mpaka siku ya ndoa yangu. Huu si utani. Umewakosea nini hawa?"

"Ni ukosefu wa uelewa, Dokta. Jamii yetu bado..."

"Mwenyekiti," Mudathiri akamgeukia Kondo, "amewakosea nini?"

Kondo alikuwa amekaa kiti cha nyuma, soksi ameipakata kama paka. Angeweza kusema mengi. "Hatuziki naye," akasema basi.

Mudathiri hakuhitaji zaidi. Alimnong'oneza Profesa kwa muda mrefu, na Profesa akaanza kuandika. Azizi akasimama katikati ya darasa, meseji zinaendelea kupita kwenye tai yake.

Mlango ukafunikwa na kivuli. Bi Hajira, na fimbo yake, anahema. Kutoka nyumbani kwake mpaka shule mtu mwenye miguu mizima anafika kabla hajamaliza muwa. Yeye alikuwa ameondoka asubuhi. "Asalaam aleikum. Nimechelewa, wanangu. Mguu."

Azizi alimkumbatia kwa mara ya kwanza miaka hii, mbele za watu. "Huyu hapa! Mshiriki wa kwanza!" Akamkalisha mbele, akachukua soksi, akapiga magoti. Ikaingia vidole. Ikaingia kidogo tena. Ikakwama hapo hapo, kama mfuniko wa chupa kwenye mdomo wa mtungi. Azizi akavuta. Bi Hajira akakunja uso.

"Labda ile kubwa," Kondo akasema.

"Zote ni saizi moja," Azizi akajibu kwa sauti ya chini.

"Ulimpimia nani, baba?" Bi Hajira akauliza. Hakuwa anadhihaki, alitaka kujua tu.

Azizi akaiachia soksi. Projekta inavuma.

"Nilijipima mwenyewe."

Mudathiri akatafsiri. Neno lile lilisikika baya zaidi kwa Kiingereza. Mtu mwenye shangazi mwenye matende, jirani mwenye matende, kikundi kizima cha wenye matende nyumba ya tatu kutoka kwao, alitengeneza soksi ya matende kwa kupima ugoko wake mwembamba wa mjini, kwa sababu kuja kupima mguu wa mtu kungemlazimu kwanza kukaa jamvini kwake.

Profesa akaja akachuchumaa, akaomba ruhusa kwa ishara, akaushika mguu wa Bi Hajira kwa mikono miwili. Alipitisha kidole kwenye mikunjo ya ngozi na akasema kuwa nyaya zingemchubua, na mchubuko kwenye mguu kama huu ni hatari. Bi Hajira akavua kile kilichokuwa kimeingia, akakikunja vizuri, akakipangusa vumbi, akamrudishia mpwa wake mkononi. "Usijali baba. Itamfaa mtu."

Hapo pekee ndipo nilipotaka kumwonea huruma yule bwana. Ikapita. Nilichukua sambusa.

Wageni waliaga wakapanda gari. Jua lilikuwa bado juu, kazi imekwisha, na nyumba ya Bi Mwamini ilikuwa pale pale. Bi Hajira akamtazama Azizi, akaitazama njia, akamtazama tena. Hata mimi nilielewa. Azizi akafungasha projekta, akaviringisha nyaya, akamuuliza Kondo kama kuna bodaboda ya kumfikisha barabara kubwa.

Jibu lilikuja kwa barua pepe: wanamshukuru, wanamtakia kila la heri, nafasi imekwenda kwa mwombaji mwingine, binti mmoja wa Singida. Mkataba wa chuo ukaisha kama walivyosema, na Azizi akatimiza arobaini akiwa hana kazi. Aliowaambia habari hizo aliwaambia kwamba watu wa huku delta hawapendi maendeleo, na kwamba mradi ulihujumiwa na wanawake wasiojua kusoma. Meseji walizituma vipi hakufafanua.

Msidhani amekonda. Yuko Kibiti sasa, amepanga chumba nyuma ya stendi, kati ya kinyozi na muuza vioo vya pikipiki. Mlangoni kuna bango lenye picha yake katika suti ileile, mikono ameikunja kifuani: FURSA ZA UZAMIVU, TIBA NA UHANDISI, JIFUNZE KUTOKA KWA MZOEFU. Walimu wa sekondari wanakuja, manesi wanakuja, vijana wenye shahada wanaouza vocha wanakuja. Anawafundisha namna ya kuandika barua kwa maprofesa, namna ya kuweka tai mbele ya kamera, na kuna somo zima, wanaotoka mle wananiambia analifundisha kwa hisia kali, la namna ya kuishirikisha jamii katika utafiti. Anawaonyesha picha ya viti vya plastiki vimepangwa safu kwa safu, anasema ilipigwa kabla watu hawajafika.

Darasa ni Jumamosi saa tatu asubuhi. Kiingilio ni shilingi elfu kumi na tano.